Jina Walilomvua Waras

Bibi Sarinten aliingia nyumbani kwa mkaza mwanawe, Palupi, kwa mguu wa shari. Hata mzigo wake hajaufungua, alikuwa ameshayakemea madirisha kwa vumbi, amelitukana pipa la maji, na kufunua kila sufuria jikoni akiguna. Alikuwa ametoka kijijini Wonogiri kuja mjini Solo kwa jambo moja tu. Kesho yake Palupi angeogeshwa kwa maji ya maua, kama inavyopasa kwa desturi ya Kijava mimba ikifika mwezi wa saba, na maji ya kwanza humwagwa na mama wa baba wa mtoto. Baba mwenyewe, Waras, alikuwa ameshalala kaburini.

"Tambi za pakiti hizi," alisema akiinua moja kwa ncha za vidole. "Ndizo ulizomlisha mwanangu. Figo zingepona kwa dawa gani?"

Palupi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha binamu yake Gunarto, macho yote kwenye kompyuta ya marehemu.

Kilichobaki cha Waras kilikuwa ndani ya kompyuta ile. Alipojua kwamba hatamwona mtoto wake, alijifungia nayo chumbani akawa anajirekodi. "Nimemwekea maneno," alimwambia mkewe. "Azaliwe kwanza, ndipo mfungue." Mafaili akayafungia humo humo, yasisikike ila kwa akaunti yake mwenyewe. Palupi alitii, ingawa utii si tabia yake. Kila jioni aliiwasha mashine, akaingia kwa akaunti ya mumewe, akatazama majina ya yale mafaili, akaizima.

Halafu jioni moja umeme ukakatika wakati mashine inajisasisha. Ilipowashwa tena ikatoa skrini ya buluu na kugoma. Gunarto ana kibanda cha kutengeneza kompyuta sokoni, na mdomo mkubwa kuliko kibanda. Alisema hilo dogo, akaifuta Windows ya zamani na kuweka mpya. Mafaili yalikuwa sehemu nyingine ya diski, hayakuguswa. Lakini kila ukilibonyeza moja unaambiwa huna ruhusa. Ufunguo wa kufuli ile ulikuwa ndani ya Windows iliyofutwa.

"Ungeuliza kwanza, Gun! Ungeuliza!"

"Niulize nini, dada? Kompyuta zote hufanywa hivyo."

"Hizo zote zina maiti ndani?"

Tangu siku hiyo Gunarto alikuwa haji bila kuitwa, na leo aliitwa kwa matusi. Palupi alikuwa ameokota flashi ndani ya mkoba wa hospitali wa mumewe. Gunarto aliichomeka, akachungulia, akaketi wima.

"Alikuwa mjanja shemeji yangu. Nakala ya ufunguo hii hapa. Ila inadai nywila."

"Nywila gani?"

"Ningejua ningekaa kibandani? Lakini faili amelipatia jina. Soma."

Palupi alisoma: *Jina walilonivua.*

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa chumbani mle. Mtoto akiuguaugua, watu husema jina limemwelemea. Wazee humvua, wakampa jepesi, wakapika uji wa mchele, mwekundu wa sukari guru na mweupe wa tui, wakagawia majirani. Jina la kwanza halitajwi tena. Waras maana yake mzima wa afya, na nani humwita mwanawe hivyo bila kuwa amekwisha kutishwa na kifo? Palupi alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyo miaka yote ya ndoa, asijue kwamba aliwahi kuitwa vingine. Lilimuuma hilo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba duniani alikuwa amebaki mtu mmoja wa kumwuliza.

"Mama," alisema bila kugeuka, "Waras aliitwa nani kabla ya kuitwa Waras?"

Bibi Sarinten akatokea mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Hakuitwa."

"Mama, mwanao mwenyewe ameandika hapa."

"Nimesema hakuitwa! Huyo fundi wako ameua mashine, sasa mnataka kunichimbua mimi?"

Gunarto aliinama akajifanya anapangusa vumbi kwenye kibodi.

"Nataka sauti ya mume wangu," Palupi alisema. "Mtoto huyu atazaliwa hana baba. Maneno ya baba yake yako hapa, na wewe umeyakalia."

"Nitayakalia mpaka nife. Unataka nilitamke mbele ya tumbo hilo? Jina lililokosa mwili hutafuta mwili. Mwanangu alikuwa hanyonyi, halii, amebaki macho tu. Nililifukuza mimi, kwa mikono hii. Leo nilikaribishe tena?"

"Ulilifukuza, na amekufa."

Ni neno la kikatili hilo, na Palupi alijua. Alilichagua.

Bibi Sarinten alishusha mwiko. "Ameuawa na jiko lako."

"Sawa, nimemuua mimi. Basi aliyekufa unamlinda na nini?"

"Namlinda huyo wa tumboni! Wewe nikulinde una nini?"

"Kama ni hivyo, kesho hunimwagii maji." Palupi aliuonyesha mzigo uliokuwa sakafuni. "Beba mzigo wako urudi Wonogiri na jina lako. Watu wakiuliza bibi wa mtoto yuko wapi, nitawaambia amempokonya mjukuu wake baba mara ya pili."

"Hutathubutu."

"Nijaribu uone."

Walitazamana. Mwishowe Bibi Sarinten alimnyooshea mkwewe mwiko.

"Toka nje. Wewe na tumbo lako. Nenda mpaka ukutani. Na wewe, mdomo mkubwa, geukia huko."

Palupi alisimama uani kando ya ndoo za kesho, mikono imeshika tumbo. Alisikia kibodi ikigongwa: herufi moja, kimya kirefu, herufi nyingine. Bibi kizee alikuwa akiandika kwa kidole kimoja, bila kufungua kinywa, ili hata ukuta usisikie. Kisha Gunarto akapiga ukelele.

"Imefunguka! Dada, njoo! Ila lazima tujaribu moja, tuhakikishe."

Palupi aliingia mbio na kubonyeza la kwanza kabla mtu hajamzuia. Kikohozi kilitoka kwanza, kile kikohozi alichokuwa akikiamkia usiku. Halafu sauti.

"Mwanangu, mimi baba yako. Bibi yako alinivua jina ili nisife. Alinipenda, simlaumu. Lakini nimeishi na hili jepesi na figo zimeoza vilevile, kwa hiyo si jina lililokuwa likiniua. Lile la kwanza nilinong'onezwa na babu yako, na sikulitupa, nimekuwekea wewe. Utaitwa Wirajagad, shujaa wa ulimwengu. Mama, kama upo hapo, nisamehe. Ni zuri mno kuachwa bila mtu."

Gunarto alisimamisha rekodi. Jina lilikuwa limekwisha kutamkwa, kwa sauti kubwa, mbele ya tumbo, na aliyelitamka si adui.

Palupi alikuwa ameshaliandaa neno la kumpasulia mama mkwe: umesikia? Alipogeuka kulisema, alimwona mwanamke yule amekodoa macho kwenye mashine, midomo imelegea, na kwa mara ya kwanza aliogopa kile alichokuwa akikigombania. Mkono wake ulikuwa umeshuka wenyewe kulifunika tumbo.

"Mama," alisema polepole, "ukisema tusimwite hivyo..."

Bibi Sarinten hakumsubiri amalize. Aliupita mzigo wake pale sakafuni bila kuugusa, akaingia jikoni. Zikasikika sufuria zikigongana, makopo yakifunuliwa na kufunikwa kwa hasira.

"Sukari guru mnaiweka wapi humu?" alifoka. Sauti ilikuwa imekatika katikati, akaanza upya kwa ukali zaidi. "Na nazi iko wapi? Jiko gani hili? Mtoto apewe jina kwa tambi za pakiti?"