Kochi la Mganga Mkuu

Walikuwa wameshavuka mtaro, binti mbele na begi, mzee nyuma na miguu yake, pale kandambili ya kushoto ilipobaki njiani tena. Mzee hakuwa na habari. Aliendelea kutembea, mguu mmoja umevaa, mwingine peku, macho yake kwenye moshi wa jalala uliokuwa ukipanda polepole kama mtu asiye na haraka ya kufika. Binti akarudi, akaiokota, akapiga goti kumvisha.

"Baba, kaza vidole."

"Nimekaza, mama."

Hakuwa amekaza. Alidhani amekaza. Siku hizi kati ya kudhani na kutenda palikuwa na uwanja mpana wenye ukungu, na yeye alishazoea kukaa humo katikati. Palikuwa pazuri, kusema kweli. Honi zilimfikia zimechoka, zimekwisha makali. Watu walifungua midomo kwanza, maneno yakafuata baadaye. Hata kichwa, ambacho asubuhi kilimgonga kama mlango wenye mdai nyuma yake, mchana kilimwacha aelee.

Alikuwa anapelekwa shamba kwa dada yake, kupumzika. Ndivyo walivyoiita safari hiyo. Kupumzika huko hakukuwa na siku ya kurudi. Mzee alilijua hilo, ila alilijua kwa mbali, kama mtu anayejua kuna mvua mtaa wa pili.

Kazini walimwita Misumari. Alikuwa fundi makochi, na tangu nywele zake zikiwa nyeusi alijaza misumari midogo mdomoni, akaitema mmoja mmoja kwenye ncha ya nyundo yenye sumaku, tak, tak, tak, upesi kuliko cherehani. Kisha siku moja wenzake wakamwona kaketi, mashavu yamejaa misumari, nyundo mapajani, haendelei wala haachi. Wakamtoa misumari kwa vidole kama mtoto aliyekula mchanga. Nyumbani alianza kumwita binti yake kwa jina la marehemu mkewe. Akasahau jiko linawaka. Mwenye nyumba akapiga hodi: "Mimi na baba yako hatuna ugomvi, lakini nyumba hii ina wapangaji wengine. Sitaki kuunguziwa." Ikija siku njema, mzee akataniana na majirani kama zamani, watu wakasema amepona. Kesho yake analala kwenye kiti mpaka magharibi.

"Uzee huo," walisema majirani.

"Uzee," alisema nesi wa zahanati. Aliuliza, ni kweli, kama mzee ameanguka au amegonga kichwa. Binti akasema hapana. Mzee naye akasema hapana, tena kwa sauti ya mtu anayeapa. Nesi akampa aspirini za kumeza kila siku, za kulainisha damu, na shughuli ikaishia hapo.

Binti alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja mkali, na huwezi kupiga pasi mashati ya watu huku unachunga jiko la kwako. Ndiyo maana begi lilifungwa.

"Tupite karakana, uwaage wenzako," alisema. "Basi halijafika."

Karakana ilikuwa chini ya ghorofa la maduka, unashuka ngazi, na mlangoni pake kulikuwa na boriti ya chuma iliyopita sawasawa na kipaji cha uso. Hapakuwa na fundi ambaye haikumpata. Kulikuwa na utaratibu. Anayegonga kichwa ananunua chai ya wote. Chai ikinywewa, jambo limekwisha: halisemwi kwa mke, halisemwi kwa tajiri, halisemwi popote. Atakayelifufua anunue chai upya. Mgeni akiusikia alidhani ni mzaha wa mafundi. Haukuwa mzaha. Zamani wawili walimwendea tajiri na vichwa vimevimba, wakimwomba ainue boriti. Akawaambia mlango ni mpana, watoke. Wakatoka, hawakurudi. Tangu hapo watu wakajifunza kucheka na kunywa chai.

"Msafiri huyo!" alipaza sauti Shoto, rafiki yake wa siku zote, aliyepiga nyundo kwa mkono wa kushoto. "Unatuacha na nani wa kututemea misumari?"

Mzee akacheka. Upande mmoja wa mdomo ulicheka, wa pili ukachelewa.

"Mbona mguu unauburuta?"

"Uzee, baba mdogo," alijibu binti.

"Uzee wa mguu mmoja? Kwani hii miguu haikuzaliwa siku moja?"

"Ndivyo tulivyoambiwa. Waliuliza tu kama aligonga kichwa, nikawaambia hapana."

Cherehani ikanyamaza. Mafundi wakatazama chini, kila mtu akatafuta kitu ambacho hakikupotea.

"Hapana, kasema nani?" aliuliza Shoto.

"Mimi. Na yeye mwenyewe. Baba, si ulisema hukugonga kichwa?"

Mzee alilisikia swali likimjia taratibu kupitia ule uwanja wa ukungu. Alifurahi, kwa sababu jibu lake alikuwa nalo.

"Chai tulishakunywa," alisema, kwa fahari ya mtu anayejua kutunza ahadi.

Shoto akafuta mikono kwenye suruali, akasimama. "Basi ya leo nanunua mimi. Mwanangu, baba yako alijigonga kwenye boriti ile. Siku tuliyoleta kochi la mganga mkuu wa hospitali. Alikuwa amelishika anarudi kinyumenyume. Hakuanguka, hakutoka damu. Alicheka, tukacheka naye."

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

Mvua ilishanyesha ikaisha, matope yakawa vumbi.

"Na mkanyamaza! Mnamwona anaisha mbele yenu, mnanyamaza!"

"Ndio utaratibu wetu."

"Utaratibu gani wa kumfungia mtu safari ya kwenda kufa?" Sauti yake ilipanda hadi barabarani. "Yule nesi hakuuliza bure. Angekuwa anauliza bure angeniuliza ameoa mwaka gani."

Nje, kondakta alikuwa ameanza kuita abiria.

"Basi lenu hilo," mmoja alisema kwa sauti ndogo.

"Liende," alisema binti.

Kochi lenyewe lilikuwa limekwisha, la mahameli ya buluu, lipo juu ya mkokoteni, linangoja kupelekwa. Lilikuwa likienda huko huko hospitali. Wakampandisha mzee, wakamketisha katikati, binti akamshika upande unaolalia, Shoto na mwenzake wakakamata mikono ya mkokoteni.

Hivyo Misumari alipita mjini ameketi kwenye kochi la mkubwa. Nyaya za umeme zilisogea juu yake kama mistari ya daftari asilolazimika kulisoma. Aliziona nguo kwenye kamba zikimpungia, paa zikirudi nyuma kwa adabu, na watu njiani wakitabasamu, akawapungia mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umelala, hakutaka kuuamsha. Chini yake alizisikia springi, akalitambua kila fundo. Alizifunga yeye, siku zile mikono ingali yake. Akawaza: mtu anaweza kulala hapa akaamka kwingine kabisa, na asimdai mtu chochote.

Getini mlinzi akashusha kizuizi.

"Mzee leo si siku yake. Wazee ni Alhamisi."

"Na kochi?" aliuliza Shoto.

"La nani?"

"La mganga mkuu."

Kizuizi kikapanda. "Kochi lipite. Mzee ashuke."

"Gundi haijakauka, afande. Lisipokaliwa njiani linajikunja. Huyu si mgonjwa, huyu ni uzito."

Mlinzi akamtazama mzee, akalitazama kochi, akamkumbuka bosi wake.

"Haya, piteni. Lakini uzito usiongee."

Ndani, ukumbini, walilitua kando ya benchi la mbao. Hapo alikaa bibi mmoja kamwegemea mwanawe, macho yamefumba, pumzi nzito kama ya mtu aliyevuta mzigo. Waliingia alfajiri, kabla ya mlinzi kubadilishana zamu.

"Aliteleza bafuni, siku nyingi," kijana wake alimwambia binti. "Ulikuwa uvimbe mdogo tu. Sasa ni usingizi, usingizi. Wanasema nirudi Alhamisi."

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya kukesha. Binti alimshika koti alipopita, akamweleza kila kitu kwa pumzi moja: boriti, mguu, jiko, aspirini. Daktari akasimama. Alimwambia mzee anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho. Mzee akanyoosha. Wa kulia ulibaki hewani. Wa kushoto ukageuka, ukashuka wenyewe, taratibu, kama jani kwenye maji, na yeye bado anaamini uko juu.

"Si uzee huu," alisema daktari. "Ubongo wa mtu mzima hunywea kidogo kadiri miaka inavyokwenda. Mishipa midogo inayopita kati yake na utando wa ndani ya fuvu inavutika. Akigongwa hata kidogo, mmoja unachanika. Damu inavuja chini kwa chini, majuma kadhaa, inajikusanya, inaubana ubongo. Mwanzoni huoni kitu. Halafu kichwa, usingizi, kusahau, mguu mmoja. Watu wanaona mvi wanasema uzee. Na hizo aspirini zinazuia damu kuganda. Acheni kumpa leo hii."

"Inatibika?" Binti hakuitambua sauti yake.

"Wengi wanaamka. Ni kitobo kidogo kwenye fuvu, damu inatolewa. Lakini lazima nipate picha ya kichwa kwanza, na akichelewa ubongo unabanwa, tunampoteza."

"Mashine ipo?"

"Ipo. Ila picha za wazee lazima zipitishwe na kliniki ya wazee."

"Ya Alhamisi."

"Ya Alhamisi. Leo ni Ijumaa." Daktari alitazama pembeni. "Anayeweza kuruka hapo ni mganga mkuu peke yake."

Naye huyo akatokea, kafuata harufu ya mahameli mapya, anatabasamu. "Kochi langu hilo! Safi kabisa. Na huyu?"

"Baba yangu," alisema binti. "Ndiye aliyelitengeneza."

"Kazi nzuri, mzee. Sasa ashuke."

"Hashuki. Anataka picha ya kichwa, leo."

"Binti, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua. Ndiyo maana hashuki."

Shoto akaukalia mkono wa kochi, kwa heshima zote. "Mheshimiwa, tukimshusha kwa nguvu anashtuka. Na huyu tangu asubuhi hajaenda haja. Mahameli haya yakilowa, sabuni haiyatoi."

Mganga mkuu alikitazama kitambaa chake cha buluu. Alikitazama kwa muda, na usoni mwake mlikuwa na uchungu wa kweli, ule ambao hakuwa nao kwa mzee. Akatoa kalamu.

"Apigwe picha. Kochi lipelekwe ofisini."

"Na huyu bibi?" aliuliza binti. "Naye ni hivyo hivyo, mtazame."

"Utaratibu ni Alhamisi," alisema mganga mkuu, akiwa ameshageuka kulifuata kochi.

Kijana wa bibi alilitazama benchi walilokalia. Hakuna aliyelitaka benchi lile.

Mzee alilazwa kwenye mashine. Aliona duara kubwa jeupe likimmeza polepole, likinguruma kama nyuki waliolala, na akahisi wanampitisha mlangoni kinyumenyume. Safari hii aliinamisha kichwa.

Picha ilionyesha damu, nene, upande wa kulia. Walimtoboa kesho yake asubuhi, ikatoka nyeusi kama oili chafu ya gari. Jioni alimwita binti yake kwa jina lake mwenyewe. Mguu ulirudi. Mkono wa kushoto haukurudi wote, na karakana ikachukua fundi mwingine. Mwenye nyumba alishakipangisha chumba chao kwa mtu mwingine, kwa hiyo wakahamia kingine, mbali zaidi. Dobi alimfukuza binti kwa siku alizokosa kazini. Sasa anafua nguo nyumba kwa nyumba. Shoto aliachishwa kazi juma lile lile, baada ya simu kutoka hospitali. Daktari alihamishiwa zahanati isiyo na mashine yoyote. Nesi wa zahanati yao hakuna aliyemwambia. Mganga mkuu yupo.

Bibi wa kwenye benchi alifia usingizini siku ya Jumanne. Kwenye sababu ya kifo waliandika: uzee.