Hata Muuaji Alifunguliwa

Mchungaji Namegabe alipogonga geti letu mtaani Buyenzi, asubuhi ile mabomu yakianguka mtaa wa Kinindo alikojijengea nyumba, nilimjua kwa kikohozi chake tu. Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, na sitatubu.

Huyo ndiye aliyemwacha kaka yangu Destin afe. Siku vijana wenye mapanga walipofunga mji, watu wa mtaa wa Buterere tulikimbilia kanisani kwake. Destin alichelewa. Alipofika, Mchungaji akatia komeo. "Huyu tumemtenga," akasema. "Mulevi haingii nyumba ya Mungu." Tulimsikia Destin akipiga bati la geti, akimwita mama. Halafu hatukumsikia tena. Jumapili iliyofuata, bila haya, Mchungaji akatuhubiria safina: aliyefunga mlango ni Mungu mwenyewe, Noa hakuhusika. Na mama yangu, Mungu wangu, akaitikia amina!

Mi nikaondoka. Nikaolewa na Yaseen, Mwislamu, wakanitenga na mimi. Watenge tu! Lakini Biblia yangu nilihama nayo. Kule kanisani tulisoma mistari tuliyopewa, basi. Kujisomea mwenyewe kuliitwa kiburi. Sasa nikaisoma yote tangu mwanzo, kwa hasira, kila nikimaliza kupika. Mama mkwe wangu, Bi Miza, alinitania huku anachambua mchele.

"We Nsimire, kanisa umeliacha, kitabu hukiachi. Unatafuta nini mule?"

"Fimbo, mama."

"Astaghfirullah!"

Fimbo niliipata kwenye Hesabu, katika sura ambayo hatukuwahi kupewa. Miji ya makimbilio. Mutu ameua mwenzake bila kukusudia, anakimbia na damu bado mikononi, na mji unampokea. Kesi itasikilizwa baadaye. Muuaji, jamani! Destin alikunywa bia tu. Nililia mpaka Bi Miza akaacha mchele wake akaja kunishika.

Sasa Mchungaji alikuwa nje ya geti letu.

"Nsimire, mwanangu, fungua. Wanapiga mabomu."

"Apana. Soma kwanza." Nikampitishia Biblia chini ya geti, imefunguliwa palepale. "Hesabu thelathini na tano. Kwa sauti, majirani wasikie."

Alianza kwa sauti yake ya mimbari. Alipofika kwa muuaji, akaacha kusoma, akagonga tena.

"Endelea."

"Mwanangu, nakuomba..."

"Destin naye aliomba. Endelea!"

Bomu likalia upande wa kusini, mabati yakatetemeka. Bi Miza akanivuta kanga. "Mfungulie, mwanangu! Unataka mutu afie mlangoni kwangu?" Nilimheshimu sana yule mama, lakini siku hiyo sikumsikia. Nilitaka Mchungaji aisome yote, na aliisoma yote, makamasi yakimtoka, majirani wakichungulia juu ya ukuta. Raha niliyoisikia moyoni siwezi kuificha.

Nikafungua. Msidhani nilimsamehe, hata leo sijamsamehe. Alitaka kupita mbio aingie ndani, nikamshika mkono, nikamsimamisha palepale. Nikalitia komeo mbele ya macho yake. Kisha nikalivuta tena, polepole, kwa kidole kimoja.

"Umeona, Baba Mchungaji? Kufungua ni hivi tu."

Akaliangalia lile komeo. Kisha akakaa chini kwenye vumbi la ua wetu, na Bi Miza akaenda kumletea maji.