Saa ya Mia Tatu

Mnasihi alipotokea mlangoni mwa darasa la mtihani, wanafunzi sitini na wanne waliinamia madaftari yao kama vifaranga waliokiona kivuli cha mwewe. Mwalimu wa hesabu aliiacha chaki pale ilipofika ubaoni, asigeuke. Kutoka safu ya nyuma, sauti ya mvulana aliyekuwa ndiyo kwanza anabaleghe ilisema chinichini, "Mama Kwaheri huyo."

Hakuna aliyecheka. Miaka miwili iliyopita wangecheka.

Aliyetakiwa alikuwa msichana wa dawati la dirishani. Shule nzima, walimu wakiwamo, ilimwita Saa Nne, kwa kuwa hiyo ndiyo saa aliyofika kila asubuhi, wenzake wakiwa wameshasoma kwa saa mbili na nusu. Alisimama bila kuuliza kitu, akaanza kukusanya vitabu vyake. Mwenzake wa dawati akamshika mkono.

"Kikao cha ngapi?"

"Cha pili."

"Basi acha mkoba. Wa cha pili hurudi."

Chumba cha unasihi hapo awali kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo, na bado kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Ndani mlikuwa na nyavu za goli zilizooza, mipira mitano isiyo na pumzi, na godoro la kurukia ambalo panya walikuwa wamelimiliki kabla ya unasihi kuanzishwa shuleni. Palikuwa na meza moja na viti viwili, kimoja kikiwa kimefungwa mguu kwa waya. Mnasihi alikalia hicho cha waya. Kitabu cha mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili kilisisitiza kwamba mteja ajihisi salama anapokaa.

Alikuwa na shahada hiyo. Aliisomea jioni kwa miaka mitatu, na katika tasnifu yake, sura ya tano, aliisifu kanuni ya wizara isemayo kwamba mwanafunzi asiondolewe shuleni kabla ya kunasihiwa mara tatu, ana kwa ana, kila kikao dakika sitini. Aliiita ngao ya mtoto. Mtahini alipiga mstari chini ya maneno hayo na kuandika pembeni: "Vizuri."

Kilichobaki kilikuwa leseni. Bila leseni, shahada ilikuwa karatasi nzuri tu. Hakuna shule wala zahanati iliyoruhusiwa kumwajiri. Baraza la Wanasihi lilidai saa mia tatu za vikao, kila saa igongwe muhuri na mkuu wa taasisi. Naye, akiwa mwanagenzi, alikuwa amefikisha mia mbili tisini na saba. Aidha, Baraza lilikuwa limetangaza kwamba mwisho wa mwezi huo utaratibu ungebadilika, na ambaye hangekuwa amekamilisha angeanza upya, kuanzia sifuri. Kikao cha msichana huyo, Jumanne hiyo, kilikuwa cha pili kati ya vitatu vyake.

"Niambie asubuhi yako inavyokwenda," alisema.

Msichana aliitazama fomu ya kikao iliyokuwa mezani kabla ya kumtazama yeye. "Baba kaangushwa na kiharusi. Upande wote wa kushoto umekufa. Shangazi anafagia hospitali, zamu ya usiku, anarudi saa tatu na nusu. Kabla hajaingia mlangoni mimi siwezi kutoka."

"Unafanya nini muda huo?"

"Namgeuza. Namwosha. Nampa uji kwa kijiko. Lazima uupoze kwanza, halafu polepole, ukimharakisha unamwingia njia ya hewa. Nafua shuka. Ndiyo nakuja."

"Ulimwambia mwalimu wa darasa?"

"Nilimwambia. Akasema kila mtu ana baba."

Mnasihi aliandika pendekezo ambalo hata mwanafunzi wa muhula wa kwanza wa unasihi angeliandika: mteja aruhusiwe kuingia saa nne hadi mtihani upite, na apewe kazi za vipindi vinavyompita. Halikuzidi mistari miwili. Msichana alilisoma likiwa juu chini, kutoka upande wake wa meza.

"Wale wengine pia uliwaandikia hivi?"

"Kila mtu na lake."

"Wako wapi?"

Mnasihi alifunika kalamu. "Kikao cha tatu ni Alhamisi, saa tatu kamili."

"Saa tatu siwezi, mwalimu."

"Jitahidi, siku hiyo moja tu. Ukiwahi, nitakuwa na la kumwonyesha Mkuu."

"Nikiwahi sifukuzwi?"

Uzamili ulikuwa umemfundisha asimwahidi mteja asichokimudu. "Itasaidia," alisema.

*

Mkuu wa shule alikuwa mtu wa adabu. Alisimama mgeni alipoingia, akavuta kiti, akauliza hali ya nyumbani. Ukutani nyuma yake kulikuwa na kitambaa kilichotangaza kwamba mwaka uliopita waliofanya mtihani walifaulu wote, bila kubaki hata mmoja. Hakikusema waliofanya walikuwa wangapi.

"Mkuu, binti huyu si mtoro. Ana mgonjwa."

"Sote tuna wagonjwa, dada yangu. Mimi mwenyewe sukari hii hainipi raha."

"Akiruhusiwa kuingia saa nne..."

"Atapata ngapi?"

"Sijui."

"Mimi najua. Jaribio la mwisho kapata kumi na nane kwa mia. Orodha ya watahiniwa inaondoka Ijumaa. Jina likishaondoka ni letu, na hiyo kumi na nane ni yetu."

"Kanuni ilitungwa ili wasiondolewe, Mkuu."

"Kanuni inasema anasihiwe mara tatu, Bi Mnasihi. Haisemi anasihiwe mpaka apone." Alitabasamu kwa upole. "Kabla hujaja sikuweza kumwondoa hata mmoja. Mzazi anapanda wizarani, wizara inaniuliza, vikao vitatu viko wapi? Nami sina mnasihi. Tulikuwa wa mwisho wilaya nzima, watu wakitucheka. Wewe ni neema kwa shule hii. Nimelisema kwenye kikao cha bodi, na likaandikwa."

"Nikikikataa kikao cha tatu?"

Mkuu alifungua droo, akatoa muhuri uliofungwa kwa leso safi, akauweka mezani bila kuufungua.

"Daftari lako limefika ngapi?"

"Kwa hiki cha leo, mia mbili tisini na nane. Nitakuwa na kimoja zaidi kesho."

"Na cha Alhamisi ni mia tatu. Nimezigonga zote kwa mkono huu, sikuuliza swali. Sasa ukiniambia vikao vyako vina walakini, itanibidi nami nijiulize. Nikijiuliza, nitaliandikia Baraza nao wajiulize. Sisemi kwa ubaya."

Hakusema kwa ubaya. Mnasihi hakukumbuka siku ambayo Mkuu alisema lolote kwa ubaya.

Mchana ule alimpigia simu msimamizi wake wa chuo, daktari wa falsafa aliyefundisha somo la maadili ya taaluma. Alikuwa anakula, kutafuna kulisikika vizuri kuliko maneno.

"Saa zangu hizi, moja baada ya nyingine, zimetoka kwa watoto walioondolewa," Mnasihi alimwambia. "Karibu zote."

"Saa ni saa, binti yangu. Baraza halihesabu watoto, linahesabu saa."

"Na maadili?"

"Maadili ni ya wenye leseni. Ipate kwanza, ndipo uyavunje au uyalinde. Maji umeshayavulia nguo, wewe yaoge." Akaomba radhi, chakula kilikuwa kinapoa.

Jioni, nyumbani kwa kaka yake, alifua nguo za watoto wa kaka kwa kuwa alilala nao sebuleni na hakuwa na kingine cha kulipia mkeka. Wifi yake alikuwa anaanika.

"Wifi, hiyo leseni ni mimba ya tembo? Maana hata tembo huzaa."

"Alhamisi, wifi."

"Alhamisi ipi? Mimi nimeshazaa wawili tangu hiyo Alhamisi ianze." Alikung'uta shati likalia kama kofi. "Shahada mbili, kitanda hata kimoja. Wangenisomesha mimi ningesomea useremala."

Kaka mtu alikuwa mlangoni, akisikia. Aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa.

*

Alhamisi, saa tatu kasoro dakika tano, msichana aliingia stoo akihema. Sweta alikuwa amelivaa nyuma mbele. Mikono ilinuka sabuni ya kufulia, na mkoba alikuwa nao begani, kwa kuwa hakupitia darasani.

"Nimewahi, mwalimu."

"Nimeona. Na baba?"

"Nimemfungia mlango. Maji nimemwekea karibu na mkono mzima. Kumwosha sikuwahi. Niliamka saa tisa, lakini kachafua shuka mara mbili." Alikaa kwenye kiti kizima. "Utamwambia Mkuu kuwa nimewahi?"

"Ngoja kwanza niandike tarehe."

Akaandika tarehe, namba ya mteja na aina ya kikao. Alipoinua macho, msichana alikuwa amelala. Kichwa kilikuwa kimeshuka juu ya meza, shavu likiangukia pembe ya fomu, mdomo wazi, mkono mmoja bado umeshika ukanda wa mkoba.

Somo la mbinu lilifundisha kwamba ukimya wa mteja ni wake, na mnasihi asiwe na pupa ya kuuvunja. Halikutaja kukoroma. Angeweza kumwamsha. Angeweza kuichomoa fomu chini ya shavu na kuichana, na saa yenyewe ikawa usingizi wa mtoto tu, haimhusu mtu. Dakika ya ishirini alinyoosha mkono hadi kwenye karatasi, akaishika ukingoni. Akilini akauona muhuri uliofungwa kwa leso. Akalisikia shati likikung'utwa. Akaurudisha mkono, akatazama saa ya ukutani, kwani kanuni ilitaka dakika sitini kamili, naye hakuwahi kudanganya hata dakika moja.

Katika nafasi ya maelezo aliandika: "Mteja alionyesha utulivu."

Saa nne ilipotimu alimgusa bega.

"Nimelala?"

"Kidogo."

"Tumeongea nini?"

"Tumemaliza. Weka sahihi hapa."

Msichana alijifuta mdomo kwa mkono wa sweta, akasoma kwa sauti, kama wasomavyo watoto waliofundishwa kutii: "Nimenasihiwa na nimeelewa." Akamtazama. "Nimeelewa nini, mwalimu?"

Mnasihi alimwonyesha mstari kwa ncha ya kalamu. Msichana akaandika jina lake lote, la baba na la babu, kwa mwandiko mzuri ambao hakuna aliyewahi kuupa alama. Kisha akasimama, akalivua sweta akaligeuza, mbele ikawa mbele, akatoka.

Langoni mlinzi alimwona kwa mbali akaangua kicheko. "Saa Nne! Leo ndiyo saa ya kutoka?" Ndipo akauona mkoba. Akanyamaza, akafungua daftari la lango, akalamba kidole, akatafuta ukurasa.

Mnasihi aliyasikia hayo akiwa kwenye baraza ya ofisi. Akaingia.

"Mia tatu!" Mkuu alisimama, akampa mkono kwa mikono miwili. "Hongera sana, Bi Mnasihi. Na usihofu ya baadaye. Leseni huhuishwa kwa saa arobaini kila mwaka. Hapa hutazikosa." Akaufungua muhuri kutoka kwenye leso, akaukandamiza kwenye wino, akaugonga pembeni mwa fomu. Wino ukatanuka. Alama ya shule ikavimba, herufi zikaingiliana.

"Karatasi ina maji," alisema. Akaisogeza dirishani, akaona lile doa la mviringo. "Alilia? Vizuri. Hapo nasaha zimeingia."

"Ni mate, Mkuu."

Mkuu hakusikia. Alikuwa ameiinamia fomu, amekunja midomo, akipuliza ule muhuri taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayepoza uji wa mgonjwa.