Nyota za Lorene kwenye Basi la Vitabu

Kiangazi kile basi la vitabu lilipoanza kuja na zawadi, nilikuwa wa kwanza kufurahi na wa kwanza kutoelewa. Lilisimama palepale siku zote, kwenye uwanja wa kokoto mbele ya karakana ya baba mdogo Roman, anaposhona hatamu na mikanda ya farasi. Bi Marcy, mwenye basi, ni Mwingereza. Ndivyo tunavyowaita wote wasio Waamishi kama sisi, watu wa dini tusioendesha magari, hata kama wamezaliwa hapahapa Ohio. Ndani ya basi alikuwa amebandika karatasi ndefu yenye majina ya watoto wa kituo chetu. Mtoto akirudisha kitabu na kukisimulia kidogo, jina lake linabandikiwa nyota. Shule zikikaribia kufunguliwa, mwenye safu ndefu kuliko wote angepewa darubini ya macho mawili, ya kutazamia ndege.

Mdogo wangu Lorene aliiona darubini ile akanyamaza. Lorene akinyamaza, ujue ametaka.

Kwetu ndege ni ugonjwa wa nyumba nzima. Baba anaweza kusimamisha gari la farasi katikati ya barabara kwa ajili ya ndege mmoja aliyetua juu ya uzio. Lakini darubini yetu iliangukia kwenye birika la maji ya ng'ombe, na tangu hapo ukichungulia unaona ukungu tu.

Baba hakukataa habari ya zawadi, ila alisema haielewi. Mtoto anapenda kusoma, sasa alipwe kwa nini? Farasi ukimzoesha sukari kila akipita langoni, siku huna sukari atagoma palepale. Mama akamwambia Lorene si farasi, na maneno yakaishia hapo.

Lorene akasoma. Jioni tulipokaa barazani kukata maharagwe mabichi, yeye alitusomea kwa sauti na mikono yake ikasamehewa kazi. Kabla mahindi hayajapita kimo chake, safu yake ilikuwa imewaacha wenzake mbali.

Jumapili moja ibada ilikuwa nyumbani kwa baba mdogo Roman. Baada ya chakula wasichana walikuwa wakiosha vyombo, Lorene akaingia na sinia la vikombe. Mmoja akasema, "Pisheni, nyota inapita." Mwingine akauliza kama kofia bado inamtosha, au kichwa kimekua. Walicheka bila ubaya. Lorene naye alicheka, akaweka sinia, akatoka nje. Kwetu anayejitanguliza mbele ya wenzake hagombezwi. Anachekwa hivyo tu, na inatosha.

Tangu siku hiyo safu yake ikasimama. Ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, kwa sababu kusoma hakuacha. Vitabu vilikuja nyumbani kwa kapu na kurudi kwa kapu. Nikadhani Bi Marcy amesahau, au Lorene ameikinai darubini. Lakini kila tukipanda basi macho yake yalikwenda kwenye kabati la kioo lililowekwa darubini kabla ya kwenda kwenye vitabu. Nilipomuuliza alisema nimwache tu.

Wakati huohuo safu ya Atlee ikaanza kurefuka. Atlee ni mtoto wa baba mdogo Roman, na shuleni anajulikana kwa kutumia kitabu kuzuia dirisha lisijifunge. Nikajiambia, basi, watu hubadilika. Nilimtazama akipita na mikanda ya ngozi begani, nikamtafutia alama ya mtu anayesoma. Sikuiona.

Siku ya mwisho alikuja kwenye basi kwa sababu kulikuwa na bisi za bure. Bi Marcy akalisoma jina lake na kumvalisha darubini shingoni. Atlee akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Bi Marcy akamuuliza ni kitabu kipi kilimpendeza zaidi.

"Kile chekundu," alisema Atlee.

Watoto wakaangua kicheko. Bi Marcy hakucheka. Aliuliza tena, taratibu, na Atlee akasema hajasoma hata kimoja, wala hajui nyota hizo zimetoka wapi. Baba mdogo Roman alikuwa amesimama mlangoni pa karakana, sindano ya kushonea mkononi. Akamuuliza mwanawe kama amemdanganya mama wa watu. Atlee akawa mwekundu mpaka masikioni.

Lorene akasogea mbele. "Ni mimi. Nilisema kavisoma Atlee, ana kazi, hawezi kuja."

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza Bi Marcy. "Si ungeshinda?"

"Ndiyo maana."

Bi Marcy akanigeukia mimi, mkubwa wao, nimweleze. Ningemweleza nini? Nikisema kafanya vyema, uongo alisema, na karibu Atlee aumbuke kwa ajili yake. Nikisema kafanya vibaya, ni sisi tuliomfundisha asijitokeze. Baba mdogo Roman akajikuna ndevu, akasema uongo hurekebishwa mbele ya waliousikia.

Basi Bi Marcy akaanza kuzibandua nyota kwa Atlee na kuzihamishia kwa Lorene, wote tukitazama. Safu ikafika mwisho wa karatasi, ikaendelea kwenye kioo cha dirisha. Lorene alitazama viatu vyake. Kile alichokikimbia tangu Jumapili ile sasa kilikuwa kinabandikwa mbele yake, nyota moja moja.

"Darubini unaitaka au huitaki?" Bi Marcy alimuuliza, kwa upole. "Ukiikataa sitakulaumu."

Lorene akanitazama. Sikujua nimwonyeshe uso gani.

"Naitaka," alisema, kwa sauti, watu wote wakisikia.

Atlee akaivua haraka. "Chukua bwana. Shingo ilishaanza kuniuma."

Nyumbani nilimsimulia baba yote, hata lile neno la Lorene, "Naitaka." Akauliza kama kweli alilitamka mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akafuta mikono yake kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Kisha akamuuliza Lorene darubini inaona mpaka wapi.

Lorene akasema bado hajaijaribu, watu walikuwepo.

"Sasa hawapo," alisema baba.

Wakatoka kuelekea nyuma ya zizi. Nikabaki mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, nisijue kama niwafuate.