Kamera ya Bwana Mbung'o

Mwaka ule vita vilipoisha, studio ya Salum pale Biharamulo mjini ilikuwa na pazia la maua, chanuo la wateja na kila kitu kingine isipokuwa filamu. Madukani hata sabuni ilikuwa hadithi, sembuse filamu.

Mwenye filamu alikuwa mmoja tu: Shibuda, kijana wa ofisi ya mbung'o, aliyepewa kamera ya serikali awapige wadudu picha za uso, kana kwamba wanaomba pasi ya kusafiria. Kamera Salum angeisamehe. Asichoweza kusamehe ni Limi, binti wa kijiji cha Kaniha, muuzaji wa duka la ushirika. Kila Shibuda alipokuja studio kusafisha picha zake, Limi naye huyo, eti amekuja kuona mbung'o. Tangu lini mtu wa Kaniha akatamani kuona mbung'o? Kwao si wanamwona bure, tena anawauma?

Siku moja Shibuda alimwonyesha Limi vibomba vifupi vyeusi alivyovifunga kati ya kamera na lenzi.

"Ukishaviweka hivi, vitu vya mbali visahau. Na hii pete ya lenzi ni kama haipo. Usihangaike kuizungusha, sogea wewe. Mbele kidogo, nyuma kidogo, kama kuku anayelenga punje, mpaka mdudu atokee safi."

Limi akainama, akachezesha kichwa kama kuku, akacheka. Salum hakusikia neno hata moja. Alikuwa akipima nafasi iliyobaki kati ya shavu la huyu na shavu la yule.

"Kaka Salum, njoo nawe ujaribu!"

Kaka! Shibuda anaitwa "we mchokozi," yeye anaitwa kaka. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Ndipo zikaja habari kwamba malori ya wanajeshi wanaorudi kutoka vitani yangepita mjini, na kaka yake Limi wa damu, Malongo, alikuwamo.

"Mama hataamini kwamba yu hai mpaka aone picha," Limi akasema. "Nani atanipigia?"

"Mimi!" Salum akadakia. Aliona wazi kabisa: atakayepeleka picha ile Kaniha, ndiye atakayekaribishwa kama mkwe. "Shibuda ni wa wadudu. Watu wana mtu wao."

Shibuda akampa kamera bila ubishi. "Sawa, mzee wa studio. Ila kwanza toa vile vi..."

"Usinifundishe kazi, bwana mbung'o. Mimi nimekulia chumba cha giza."

"Haya," Shibuda akasema, akamfuata Limi barabarani.

Kamera ya Salum mwenyewe ilikuwa ya kizamani. Tundu lake la kuchungulia lilionyesha kila kitu safi siku zote. Umbali unaukisia, unauweka kwa namba kwenye pete, basi. Kwa hiyo alipoona vumbi la malori akaiweka pete ya kamera ya Shibuda kwenye alama ya mbali kabisa. Akachungulia: ukungu mtupu. Akafuta kioo kwa shati. Ukungu. Labda kamera za serikali ndivyo zilivyo, akajipa moyo; pete inajua kazi yake.

Lori likapita, Malongo akipunga kofia, vigelegele vikapaa. Salum akabofya. Akavuta filamu apige ya pili, umati ukamsukuma kutoka nyuma, akajikuta ameinama migongoni mwa Limi na Shibuda, kamera nusura iwaguse, na kidole kikabofya chenyewe.

Jioni, katika taa nyekundu, alitumbukiza karatasi ya kwanza kwenye dawa. Malongo akatokea kama uji uliomwagika mezani. Salum akaguna.

Karatasi ya pili ikaanza kujichora. Vidole viwili vidogo vimefungamana, safi mno, hata mikunjo ya ngozi inaonekana. Kimoja kilikuwa na pete ya shaba ya Limi. Kingine kilikuwa na kovu la kuumwa na mbung'o.

Salum akarudisha kichwa nyuma kidogo, akakisogeza mbele kidogo, kama kuku, akitafuta mahali ambapo picha ingepotea. Haikupotea.

Mlango ukagongwa. "Kaka Salum! Zimetoka?"

Akaikung'uta maji ile karatasi ya pili.

"Moja tu," akajibu. "Si ya Malongo, ni ya mkwe. Nayo mama yako ataiamini mara moja."