Herufi M Chini ya Shingo ya Mfalme

Custódio, mtumwa mchongaji, alijua tangu mwanzo kwamba muhuri wa kugongea sarafu ukikamilika, mkono wake nao umekwisha. Mchongaji aliyemtangulia alipondwa vidole kwa nyundo ile ile ya kugongea sarafu, asije akachonga muhuri kwa mtu mwingine, na donda likamuua. Hivyo ndivyo bwana wao, Anselmo Pestana, alivyolinda siri yake: kiwanda cha sarafu bandia kilichofichwa katika milima ya jimbo la Minas, mbwa wakali mlangoni, na watumwa wasioruhusiwa kushuka bondeni.

Chumvi na mahindi vililetwa na mwenye nyumbu mmoja. Ndiye aliyemnong'oneza Custódio kwamba kiwanda cha sarafu cha mfalme kule mjini Vila Rica kimefungwa. Custódio akayameza maneno yale, asimwambie mtu.

Mwaka ukageuka. Pestana akataka muhuri mpya: uso wa Mfalme João, na chini yake mwaka 1736.

"Na ile M ya Minas, alama ya kiwanda cha Vila Rica, usiisahau," alisema. "Ukiisahau nitakunyonga kwa utumbo wako mwenyewe."

"Siwezi kuisahau, bwana."

Akaichonga chini ya shingo ya mfalme, nzuri kuliko zote. Pestana akaing'ata sarafu ya kwanza, akacheka, kisha akaamuru mkono wa kulia wa Custódio uwekwe juu ya fuawe. Akapiga mwenyewe, mara tatu. Mifupa ikasagika, na Custódio akalia kama mtoto. Nani asingelia?

Tamaa mbele, mauti nyuma. Mfanyabiashara wa kwanza kupewa sarafu zile aliona M ya kiwanda kilichokwisha kufungwa kabla mwaka huo haujaanza, akaenda moja kwa moja kwa gavana. Askari wa farasi wakapanda mlimani. Wakawapiga mbwa risasi, wakamchoma mlinzi upanga wa tumbo, wakamburuta Pestana kwa ndevu. Adhabu ya kughushi uso wa mfalme ilikuwa moto, naye alijua.

"Si mimi!" alilia. "Mtumwa huyu ndiye aliyechonga!"

Kapteni akamgeukia Custódio. Custódio akakifungua taratibu kitambaa alichofungia mkono, akainua bonge jeusi la nyama lisilo na kidole kilichonyooka.

"Kwa mkono huu, bwana mkubwa?"

Kapteni akatema mate, akaamuru Pestana afungwe kamba. Pestana alipopitishwa karibu, Custódio alimwinamia sikioni.

"Ile M, bwana," alisema, "sikuisahau."