Faini ya Mzee Leodegari

Habari ya choo Kasiana hakuisema kwa mtu, maana angeisemaje? Tangu aolewe pale Matogoro, baba mkwe wake, Mzee Leodegari, hakukanyaga choo cha uani hata siku moja. Choo kilikuwa kimoja, na kikishatumiwa na mkwe, baba mkwe hakitumii. Ndivyo walivyolelewa. Basi kila alfajiri mzee alichukua fimbo yake akashuka korongoni, na Kasiana akajifanya amelala.

Zamani haikuwa neno. Lakini sasa goti la mzee lilikuwa limeharibika, na mvua zikianza, udongo wa mteremkoni unateleza kama sabuni. Kasiana alilala roho juu, akisikiliza mpaka fimbo irudi. Alipomgusia mumewe, Aidani, yule bwana aliruka.

"Mimi nikamwambie baba habari za choo? Una wazimu?"

Wanaume hao! Gogo la mti wanalibeba, neno moja linawashinda.

Asubuhi moja fimbo ilichelewa kurudi. Kasiana alikuwa ameshajifunga khanga akamtafute, aibu na ife huko, alipomwona mzee anapanda njia, matope mpaka kiunoni, ameshikwa mkono na Aisha, bibi afya wa kata.

"Nimemkuta ameanguka pale juu ya chemchemi watu wanapochota maji," Aisha akasema. "Pole nimempa, na faini nimemwandikia. Kwani mzee wangu, hapa hakuna choo?"

Mzee akatazama chini. Aidani akakohoa. Kasiana akajikaza.

"Kipo, dada. Ila nakitumia mimi."

Aisha hakuuliza zaidi. Kwao Tunduru nako kuna wakwe. Lakini faini hakuifuta, hata Aidani alipombembeleza. Badala yake akaongeza amri: kaya hii ichimbe choo cha pili, karibu na mlango wa mzee.

"Nikirudi nisipokiona, mtalipa tena!" akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani.

Hapo ikawa serikali imesema, na hakuna aliyelazimika kumwambia mwenzake lolote. Aidani alilipa faini akinung'unika, akachimba shimo akinung'unika. Kasiana alikuwa jikoni anaimba, akimwombea Aisha kwa watakatifu wote anaowajua, ingawa Aisha mwenyewe ni Mwislamu.

Mahindi yalipokomaa, Mzee Leodegari alivunja ya kwanza kwa mkono wake, akaleta kapu mpaka mlangoni pa jiko, uso ameuelekeza kando kama adabu inavyotaka.

"Mpelekee yule binti aliyenitoza faini. Mwambie namshukuru sana. Mwambie siku hizi nalala mpaka jua litoke."

"Nitamwambia, baba."

Mzee akaondoka hatua chache, kisha akasimama.

"Shukrani hizo nawe zikufikie, mkwe wangu," akasema, bado anatazama migomba.

Kasiana akainama, akajifanya anapanga mahindi.